Mgonjwa wa Majaribio

Katika mfumo wa kliniki ile kulikuwa na mwanamke ambaye hakuna muuguzi aliyewahi kumtia machoni, na ndiye aliyekuwa mgonjwa mtiifu kuliko wote. Hakukosa kliniki. Hakubishana na mtu dirishani. Presha yake ilikuwa ya kupigiwa mfano. Tulimtengeneza sisi ghorofani, katika chumba kilichokuwa stoo ya mashuka, na kwa kuwa sipendi msimulizi anayeficha kitu mfukoni, nitasema mapema: jina lake, umri, urefu, hata kovu la gotini, vyote vilikuwa vya mtu wa kweli. Alikuwa mdogo wake kiongozi wetu, na alikuwa amefariki miaka mingi kabla.

Sisi wengine hatukujua. Tulidhani ni jina tu.

Mimi pale nilikuwa muulizaji. Ndiyo kazi niliyoishia nayo baada ya kutangatanga sana. Shule niliisoma vipande vipande, darasa huku, nusu kozi kule, na kompyuta nimeijulia katika ofisi za watu. Muulizaji huketi na mpokea wagonjwa, husimama nyuma ya muuguzi, huuliza "hapa mnafanyaje?" na "mkikwama mnafanyaje?", kisha hupanda ngazi kwenda kuwaeleza waandika programu. Miguu yangu imenilisha zaidi ya kichwa.

Zamani nilifanya kazi hiyo kwa mtindo wa maporomoko. Mnakusanya mahitaji yote, yanatiwa saini. Mnachora mfumo mzima, unatiwa saini. Waandika programu wanajifungia, msimu unaingia na kutoka, na mwisho kabisa ndipo mnajaribu. Maji yakishateremka hayapandi tena. Nimeona mifumo ya namna hiyo ikikabidhiwa kwa hotuba na makofi, na wenye kazi wakaitazama kama mtu aliyepewa viatu vya marehemu: vizuri, vinang'aa, lakini vimefuata mguu mwingine.

Kiongozi wetu hakutaka kabisa hayo. Tulimwita Ubao, kwa sababu kila alichowaza alikibandika ukutani kwenye ubao, karatasi juu ya karatasi, mpaka ukuta ukawa kama kuku anayepukutika manyoya. Mtindo wake ulikuwa wa mizunguko. Mnajenga kipande kidogo kinachofanya kazi, mnakishusha kliniki, muuguzi anakitumia siku hiyohiyo, anawasema, mnarekebisha, mnaingia mzunguko mwingine na kipande kingine. Kliniki haingoji mfumo ukamilike. Inakua nao.

Mtindo mzuri. Nausifu mpaka leo. Ila una jambo moja ambalo sikuliona likiandikwa popote. Katika maporomoko, mtu wa majaribio huzaliwa na kufa siku moja, mwishoni kabisa, hakuna anayemzoea. Katika mizunguko anakaa nanyi. Kila kipande kipya lazima kipite kwake. Mnampa kadi, mnampima, mnampa kikohozi, mnamponya. Asubuhi mnamkuta, jioni mnamwacha.

"Mtu wa kubuni hana uzito," Ubao alituambia mwanzoni. "Ukimwandika kilo mia nne hakuna atakayeshtuka. Mtumie mtu unayemjua, ndipo kosa litakuuma."

Basi akamwandika huyo anayemjua. Mfumo ulipodai namba ya simu ya ndugu wa karibu, akaandika namba aliyokuwa nayo kichwani tangu utoto. Wakati huo mfumo haukuwa na ulimi, haukuweza kumtumia mtu ujumbe. Namba ilikuwa namba tu.

Nakumbuka tulipojenga kipande cha wajawazito. Mwandika programu wetu tulimwita Kimya, naye kwa kweli alikuwa akiongea kwa vidole zaidi ya mdomo. Siku hiyo akageuza kiti.

"Mume wake nani?"

"Acha wazi," Ubao akasema.

"Haikubali wazi. Wewe mwenyewe ulisema isikubali."

"Basi andika mwashi."

"Mwashi!" Mimi nikaingilia. "Mtoto mzuri hivi mnamwoza kwa mwashi? Atakula saruji?"

"Angempenda mwashi," Ubao akasema, macho kwenye ubao. "Alikuwa anapenda watu wenye vumbi."

Nikacheka, nikadhani ni utani. Kimya hakucheka. Mtoto alipokuja kuzaliwa kwenye mfumo, mizunguko mingi baadaye, wa kike, Ubao alileta biskuti, tukakaa tunatafuna chini ya harufu ya dawa ya sakafu iliyopanda kutoka chini, tukimpongeza mzazi asiyekuwepo.

Kule chini mambo yalikuwa na sura nyingine. Kwa kuwa kliniki ilitumia vipande vilivyokwisha huku sisi tukiendelea na vingine, mgonjwa wetu aliishi pamoja na wagonjwa wa kweli. Siku yake ikifika, jina linatokea kwenye skrini ya dirishani. Sista mkuu wa kliniki, mama mmoja mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, alikuwa analisoma kama anavyosoma mengine. Anaita. Hakuna anayeitika. Anaita tena. Watu wa kwenye benchi wanageuka kuangalia mlangoni. Kisha anabofya "amehudhuria," maana ndivyo tulivyomfundisha ili foleni isikwame.

"Mzee," aliniambia siku moja, "huyu mtu wenu ananisumbua."

"Anakusumbuaje na hayupo?"

"Hapo hapo. Angalia benchi."

Nikaangalia. Watu walikuwa wamebanana, mama mmoja mtoto mgongoni na mwingine mapajani, lakini mwishoni karibu na mzani palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Hakuna aliyekaa.

"Nani amewakataza?"

"Nani awakataze? Wanasikia anaitwa kila mara, na mimi naandika amefika. Wana akili zao. Wanampisha."

Nikaiacha nafasi ile kama ilivyo, nikapanda ngazi.

Kwenye ubao ghorofani kulikuwa na karatasi ya njano iliyoandikwa "Vifo". Ilikuwa sehemu ambayo ingemwezesha muuguzi kumfunga mgonjwa aliyefariki, mfumo uache kumpangia tarehe. Kila mzunguko ulipoanza, Ubao aliibandua karatasi ile na kuibandika katika mzunguko unaofuata. Chanjo ikatangulia. Maabara ikatangulia. Hata mpangilio wa rangi za vitufe ukatangulia kifo. Gundi ya karatasi ile ikaisha, akaishikilia kwa pini.

Kisha tukampa mfumo ulimi. Tukaunganisha kipande cha ujumbe wa simu, cha kuwakumbusha watu kliniki zao. Tulishangilia. Mahudhurio yalipanda. Hakuna aliyefikiria kwamba mfumo usiojua kifo, ukipewa ulimi, utawaita na walioondoka.

Wa kwanza kuja alikuwa fundi saa wa barabara ya nyuma, mzee mwembamba mwenye kile kioo kidogo cha kazi kikining'inia shingoni. Alimwekea Sista simu yake dirishani.

"Mke wangu alipofariki mlikuja wenyewe kunipa pole. Sivyo?"

"Ndivyo, baba. Nilikuja."

"Basi hapa mnasema nimlete kesho kupimwa presha. Nimlete vipi? Nimfukue?"

Mzee wa watu hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema usiku wa kwanza alipoupata ujumbe alivaa viatu kabla hajakumbuka kuwa mkewe hayupo.

Nilipanda ngazi nikamweleza Ubao. Akasikiliza akikunja ncha ya karatasi.

"Mzunguko ujao," akasema.

"Mwanangu, umesema hivyo tangu nimefika."

"Nimesema mzunguko ujao, Mzee."

Ndipo Kimya akaongea. "Kimekwisha. Nilikiandika zamani. Kimebaki kujaribiwa tu." Akasita. "Na sheria yetu ni moja. Kila kipande kinapita kwa yule yule mgonjwa."

Ubao akachukua mkoba wake akatoka, na hatukumwona tena siku ile.

Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki ya wazazi. Nilikuwa nimesimama karibu na mzani Sista alipoita lile jina. Nikasubiri kimya chetu cha kawaida. Badala yake mwanamke mtu mzima, shali ya kijivu begani, akaingia mlangoni moja kwa moja akaketi pale mwishoni mwa benchi, kwenye nafasi ile. Benchi zima likaacha kuzungumza. Kuna mtoto akaanza kulia, mama yake akamziba mdomo kwa kiganja.

Nikamsogelea. "Dada, umeitikia jina hilo. Ni wewe?"

"Ni mwanangu, kaka." Alinionyesha simu. Ujumbe ulimtaja binti yake kwa jina, ukamwambia yeye na mtoto wanatarajiwa leo. "Meseji ya kwanza ilisema ana mimba. Nikanyamaza. Ya pili ikasema amejifungua. Nikaanza kuja. Hii mara ya tatu nasimama pale nje, leo ndiyo nimepata miguu ya kuingia."

"Na binti yako yuko wapi?"

"Nilimzika." Aliniangalia usoni, macho makavu. "Usinitazame hivyo. Sijachanganyikiwa. Najua alipolala, palizi nafanya mwenyewe. Lakini nyumbani kwangu hakuna anayelitaja jina lake. Dada yake akilisikia anatoka chumbani. Halafu simu inalitaja, inasema amejifungua salama. Ungekuwa wewe usingekuja?"

Nilimuuliza huyo dada yake anafanya kazi gani. Akasema kompyuta, na kwamba hajui wapi hasa, mwanawe si mtu wa kueleza mambo.

Tukapanda ngazi polepole, magoti yake na yangu yakilalamika pamoja. Ubao alikuwa ameketi akitazama ubao wake. Alipogeuka na kumwona, alisimama kwa haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Mama! Nani amekuleta huku?"

"Mdogo wako," mama akasema.

Hapo ndipo Kimya na mimi tulipojua. Ubao alijieleza kwa maneno yaliyogongana: kwamba ni majaribio, kwamba namba aliandika bila kufikiri, kwamba anaomba radhi, kwamba atafuta kila kitu sasa hivi. Alikuwa masomoni mbali mdogo wake alipougua. Homa ilimmaliza upesi, barua na nauli zikachelewa, akafika kaburi limeota majani. Alisema hivyo akinitazama mimi, hakuweza kumtazama mama yake.

"Kwa hiyo umemweka humo," mama akasema, akinyooshea skrini kidole.

"Nilihitaji mtu ninayemjua."

"Anaendeleaje?"

Kimya akamsogezea mama kiti, akamfungulia ukurasa. Mama alisoma kwa sauti ya chini, kidole kikifuata mistari: kadi, kikohozi kilichopona, mume mwashi. Hapo akaguna. "Mwashi. Nani kasema hivyo?"

"Mimi," Ubao akasema.

"Hukukosea."

Ubao akaweka mkono kwenye kitufe. "Nafuta, mama. Ni kubofya tu, hatabaki popote."

"Thubutu!" Mama aliushika ule mkono. "Umefuta mara ya kwanza kwa kutolitaja jina lake, unataka kufuta tena? Mtu hafutwi. Mtu anazikwa." Kisha akaniuliza mimi, "Kaka, humo hamna namna ya kuzika?"

Nikaitazama karatasi ya njano kwenye pini yake. Nikamweleza, kwa sababu niliulizwa na kazi yangu ilikuwa kusema ukweli wa wanaotumia. Nikamwambia pia habari ya fundi saa, na kwamba watu kama yeye walikuwa wengi mjini, na kila siku tulipoahirisha, mfumo uliendelea kuwaita wapendwa wao.

Nje mtu alikuwa anaburuta kitanda chenye gurudumu bovu, kinagonga kila kiungo cha sakafu.

"Fungua," akamwambia binti yake.

Kimya alitaka kuketi kwenye kibodi, mama akamkataza. "Dada yake."

Ubao akaketi. Ukurasa ulikuwa mfupi. Sababu: akaandika homa. Aliyeshuhudia: mama akasema, "Andika mimi." Tarehe: vidole vya Ubao vikaiandika ile ya kweli bila kuuliza mtu. Akabofya.

Skrini ikakataa. Kwa herufi nyekundu, kwa adabu tuliyoifundisha wenyewe, ikasema tarehe ya kifo haiwezi kutangulia tarehe ya kujifungua.

Akajaribu tena. Ikakataa tena. Ule mwaka wa kweli haukuwa na njia ya kuingia, maana tulikuwa tumemfanya aishi kupita hapo.

"Inataka nini?" mama akauliza.

"Inataka ama mtoto asiwepo," Kimya akasema taratibu, "au tarehe iwe ya karibuni. Ukiiacha yenyewe, itaweka ya leo."

"Ya leo," Ubao akarudia, akaondoa vidole kwenye kibodi. "Mama, siwezi kuandika amekufa leo."

"Kwa nini usiweze? Ile siku nyingine hukuwepo. Nililia peke yangu, nikamwosha mimi na majirani tu. Leo upo." Mama akavuta kiti chake mpaka magoti yakagusana. "Weka ya leo. Nitashika mkono."

Akaweka. Mama akashika mkono. Kabla ya kukubali, mfumo ukauliza swali la mwisho, swali nililolileta mwenyewe kutoka wodini baada ya kumsikia Sista akilalamika: marehemu ameacha mtoto mchanga, nani atakuwa mlezi?

"Ruka hapo," Ubao akasema.

"Halirukiki," Kimya akajibu.

"Bibi yake," mama akasema.

"Mama, huyo mtoto hayupo."

"Na huyu tunayemzika, je, alikuwepo?"

Ubao aliandika jina la mama yake, herufi kwa herufi, akabofya, na skrini ikatulia. Kisha akalaza paji la uso ukingoni mwa meza, akalia kilio cha mtu aliyefika msibani akiwa amechelewa sana. Mama alimpapasa mgongo, akimwambia maneno ambayo sikuyasikiliza. Kimya na mimi tukatoka tukasimama kwenye ngazi.

"Kimepita majaribio," Kimya akasema. Akafuta miwani kwa shati.

Mchana ule ule tulikishusha kliniki. Sista aliwafunga mmoja mmoja wote aliowajua kuwa wameondoka, akinong'ona kila jina. Baada ya muda fundi saa alipita dirishani, safari hii bila simu mkononi.

"Imenyamaza," aliniambia. "Nilidhani nitafurahi."

Karatasi ya njano iliondoka ubaoni, ikaacha tundu la pini. Ubao alikuwa anakula tena, anatania tena. Aliniambia jambo moja tu limebaki: yule mtoto. Mtoto bado alikuwa hai kwenye mfumo, ana mlezi, ana chanjo zake, na simu ya mlezi ilikuwa inapokea tarehe. Alisema mama asiachwe na hilo, litamuumiza, kwamba angeshuka siku ya chanjo amkute kule, amweleze kwa upole, kisha amwondoe mtoto mbele yake, jambo liishe.

Nikashuka naye. Alibeba kompyuta yake ya mkononi, imefunguka tayari.

Mama alikuwa ameketi mwishoni mwa benchi karibu na mzani, shali yake imekunjwa vizuri mapajani, mikono miwili juu yake. Wanawake wa pembeni walikuwa wanamsogelea na kumuuliza mambo, naye anawajibu kama mtu wa siku zote. Sista akaita jina la mtoto. Mama akasema, "Yupo," akainuka na shali yake mikononi.

Ubao akasonga mbele, mkono kwenye kibodi.

"Uzito?" Sista akauliza, kisha akagundua aliloliuliza. Akatazama mzani mtupu, akatazama skrini isiyokubali nafasi wazi, akatutazama sisi. Mama alisimama pale akinyanyua shali taratibu, kama mtu anayekisia uzito.

"Kilo saba," mama akasema.

Ubao alikuwa karibu kabisa naye sasa. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Nilikiona. Aliitazama ile shali muda mrefu, kisha akaifunga kompyuta, akaikumbatia kifuani.

"Saba na nusu, Sista," akasema. "Ameongezeka."

Sista akaandika.